Wateja Waliokuja Wenyewe: Historia ya Kutangaza Biashara Gendabi

Kaskazini mwa Mlima Hanang, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, lipo Ziwa Balangida. Masika ya mvua nzuri hulijaza maji ya kina kifupi. Kiangazi kikikolea, maji hukauka na kuacha chumvi nyeupe juu ya tope. Kata ya Gendabi, Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, ni jirani wa ziwa hilo, na chumvi ya huko imekuwa bidhaa tangu kabla Mjerumani hajafika na kodi yake ya kibanda. Haikuhitaji kupigiwa mbiu. Wanunuzi waliifuata wenyewe, kwa miguu na kwa punda, kwa sababu aliyeionja mwaka huu alirudi kwao na kuisema.

Mfugaji wa Kidatoga aliitaka kwa ajili ya ng'ombe wake, maana mnyama asiyelamba chumvi hudhoofu. Mkulima wa Kiiraqw kutoka nyanda za juu za Mbulu aliitaka kwa chungu cha nyumbani. Upande wa magharibi na kusini walikuwapo Wanyiramba na Wanyaturu. Kila mmoja alikuja na alichonacho, nafaka au mbuzi, na wakabadilishana. Muuzaji hakuwa na namna ya kumdanganya mnunuzi zaidi ya mara moja, kwa kuwa chumvi iliyochanganywa na mchanga ilijulikana ulimini, na habari ya mchanga huo ilisafiri kwa njia zilezile ilizopita chumvi.

Wataalamu wa biashara siku hizi wanafundisha kwamba mfanyabiashara hapaswi kumkimbilia mteja na kumpigia kelele. Amwekee taarifa za kweli, amjibu maswali yake, amthibitishie ubora, kisha mteja atakuja mwenyewe. Somo hilo hutolewa pamoja na majina ya WhatsApp, Instagram, Facebook na TikTok, kana kwamba limezaliwa ndani ya simu. Historia ya Gendabi na Hanang inasema jambo jingine. Watu wa huku wameuza kwa njia hiyo vizazi kwa vizazi, na wakajenga taratibu za kulinda imani kati ya muuzaji na mnunuzi. Simu imeongeza umbali na kasi, lakini taratibu za imani hazijasafiri pamoja nayo. Hilo ndilo pengo ambalo wafanyabiashara wa mitandaoni wa leo wanapaswa kulijua.

Baada ya ziwa, mahali pa pili pa kukutania palikuwa mnada. Katika mikoa ya kaskazini na kati, mnada ni zaidi ya kupandishiana bei: ni soko zima linalofunguliwa kwa siku maalumu na kufungwa jua likizama. Mnada wa Katesh, makao makuu ya Hanang, umekuwa maarufu kiasi kwamba vitabu vya kuongoza watalii huandika tarehe zake, 9, 10 na 28 za mwezi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda husimama upande mmoja. Upande wa pili kuna mitumba, mashuka, katambuga za matairi, shanga, vyombo vya plastiki, dawa za mifugo na moshi wa nyama choma. Tarehe yenyewe ndiyo tangazo. Mtu aliyeko Basotu, Endasak au Haydom hahitaji kuambiwa tena. Anaihesabu kichwani na kuanza safari alfajiri.

Ndani ya mnada kuna kanuni ambazo hazikuandikwa ukutani. Mnunuzi hamnunui ng'ombe kwa kusikia. Anamtazama meno, anamshika nundu, anamtembeza aone kama anachechemea. Dalali husimama kati ya pande mbili, akijua kwamba riziki yake ya mwezi ujao inategemea anavyosema leo. Makubaliano hufanywa mbele za watu, kwa hiyo mashahidi wapo hata kama hawakuitwa. Halmashauri hutoza ushuru na kutoa stakabadhi, na mifugo inayosafirishwa nje ya wilaya huhitaji kibali. Aliyeuza mnyama wa wizi au mgonjwa anajua kwamba mwezi ujao atakutana na watu walewale uwanjani hapo hapo.

Bidhaa za mbali ziliingia taratibu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilikuwa na kituo Kondoa Irangi, kusini mwa Hanang, na kupitia njia hizo shanga, vitambaa na nyaya za shaba zilifika kwa wafugaji na wakulima wa bara. Baadaye, chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, maduka ya Waarabu, Wahindi na Wasomali yalifunguliwa katika miji midogo. Mwenye duka hakuwa mgeni kwa jambo la kujitangaza. Mfano bora ni wa pwani: Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, aliuza kanga zenye chapa ya Mali ya Abdulla. Mwanamke aliyejifunga kanga hiyo akaenda nayo arusini alikuwa ameitembeza chapa ya mwenye duka bila kulipwa, na aliyeipenda aliuliza imenunuliwa wapi. Hivyo ndivyo picha ya nguo inavyofanya kazi leo kwenye Instagram, isipokuwa kanga iliweza kushikwa na kupimwa uzito wa uzi wake.

Tangazo la maandishi lilikuja na magazeti. Mambo Leo, lililoanzishwa na Serikali ya kikoloni Dar es Salaam mwaka 1923, lilisomwa na walimu, makarani na wanafunzi wa misheni, ambao nao waliwasomea wengine. Sinema ikafuata. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulizunguka Afrika Mashariki na gari lenye mashine ya kuonyeshea picha, ukifundisha mambo ya kilimo, afya na kuweka akiba. Kuna jambo hapo ambalo wauzaji wa leo hulisahau: watu waliokusanyika kutazama hawaridhiki na picha tu, hutaka kuuliza. Bila mtu wa kujibu, filamu hubaki tamasha.

Halafu ikaja redio. Kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 kilikuwa kimekuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ya betri iliwekwa kwenye kibao cha duka au chini ya mti, na kijiji kizima kilisikiliza taarifa ya habari, salamu, matangazo ya vifo na matangazo ya biashara. Kwa mara ya kwanza mtu wa Gendabi alisikia sauti ya muuzaji ambaye hatamwona kamwe. Ilikuwa sauti ya upande mmoja. Aliyetaka kujibu aliandika barua, akatafuta sanduku la posta na kusubiri.

Miaka ya Ujamaa iliipunguzia sauti hiyo kazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya nafaka iliwekwa mikononi mwa Serikali, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likawa mnunuzi mkuu. Hanang yenyewe ilipata sura mpya. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika tambarare za Basotu na jirani zake: Basotu, Mulbadaw, Setchet, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd, kila moja likiwa na eneo la takriban ekari 10,000. Wabarabaig, wafugaji wa Kidatoga, walipoteza malisho yao bora, na mgogoro huo ulifika hadi Mahakama ya Rufani. Mashamba hayo hayakuwa na haja ya kumtafuta mteja. Ngano ilivunwa kwa mashine, ikapakiwa na kupelekwa kwa mnunuzi mmoja aliyekwisha kupangwa.

Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, nguo na mafuta ya taa viliadimika kote nchini. Nani angetangaza sabuni wakati foleni ilikuwa ndefu kuliko shehena? Habari ya mzigo ulioingia Babati au Arusha ilipita mdomo kwa mdomo, na aliyeisikia mapema ndiye aliyepata. Wafanyabiashara wa umri mkubwa bado wanakumbuka kipindi hicho kama shule ya thamani ya taarifa: mwenye habari sahihi alikuwa na kitu kinachouzika kuliko mwenye fedha.

Bajeti ya mwaka 1984/85 ililegeza uingizaji wa bidhaa, na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani Novemba 1985, akaendeleza njia hiyo mpaka watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikarudi minadani. Wauzaji wakawa wengi kwa bidhaa zilezile, na kwa hiyo kujitofautisha kukawa na maana tena. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na gari lenye vipaza sauti likawa sehemu ya maisha ya miji midogo kama Katesh. Lilitangaza mkutano wa injili asubuhi, mechi mchana na punguzo la bei jioni.

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka huohuo wa 1994 zikiwa za matajiri wa Dar es Salaam. Vodacom iliingia mwaka 2000, ushindani ukashusha bei za vocha, na minara ikaanza kupanda vilima vya mikoani. Kwa miaka kadhaa watu wa vijijini walijua jiwe gani au mti gani unashika mtandao, na mwenye simu aliwapigia majirani zake wote. Mfuko wa mawasiliano kwa wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ulilipia sehemu ya gharama za minara ambako kampuni ziliona hakuna faida. Halotel, iliyoanza mwaka 2015, ilijikita vijijini tangu mwanzo.

Kilichobadilisha biashara zaidi kilikuwa malipo. M-Pesa ilifika Tanzania Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kampuni nyingine zikafuata na huduma zao. Kabla ya hapo, mnunuzi wa Arusha aliyetaka mzigo wa Hanang alipaswa kuja na fedha mfukoni au kumtuma mtu anayemwamini. Baada ya hapo aliweza kutuma kianzio kwa dakika moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 barabara ya lami kutoka Singida kupitia Katesh na Babati hadi Minjingu nayo ilikuwa inakamilika, mabasi yakaongezeka, na makondakta wakawa wasafirishaji wa vifurushi. Simu, fedha ya simu na basi: vitu vitatu hivyo ndivyo vilivyolikamilisha soko la mtandaoni la Hanang kabla watu hawajaanza kuliita hivyo.

Facebook ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2009, mwaka ambao WhatsApp ilianzishwa Marekani. Instagram ilikuja mwaka 2010. Dar es Salaam kizazi kipya cha wauzaji kilikua ndani ya programu hizo. Fred Ngajiro, anayejulikana zaidi kama Fred Vunjabei, aliuza nguo kwa bei za chini na kuzionyesha mitandaoni bila kuchoka, mpaka kampuni yake ikapata mkataba wa jezi za Simba mwaka 2021. Maneno «tunatuma mikoani» yakawa ya kawaida chini ya picha za viatu, vitenge na vyombo. Mikoani huko ni pamoja na Katesh, ambako mzigo hushushwa stendi na mwenyewe hupigiwa simu.

Njia ya kumvuta mteja aje mwenyewe ilipata sura ya kitaalamu mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts. Mwaka 2006 Brian Halligan na Dharmesh Shah walianzisha kampuni ya HubSpot, wakihubiri kwamba matangazo ya kumkatiza mtu shughuli zake yamepitwa na wakati, na kwamba kampuni ivute wateja kwa kuwapa maarifa wanayoyatafuta. Wazo lenyewe lilikuwa na umri mkubwa zaidi, na lilitoka shambani. Mwaka 1895 kampuni ya John Deere ya Marekani ilianza kuchapisha jarida la wakulima liitwalo The Furrow. Jarida hilo liliwafundisha kulima vizuri zaidi badala ya kuwasifia bidhaa za kampuni kila ukurasa. Mkulima aliyesaidiwa na jarida alimkumbuka aliyelichapa siku alipohitaji plau.

Katika Hanang na Mbulu, watu walio karibu zaidi na kazi hiyo ni wenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo. Viwavijeshi vamizi walipoingia Tanzania mwaka 2017 na kushambulia mahindi, mkulima alihitaji kujua kwanza ni mdudu gani anayekula mahindi yake, kisha dawa ipi, kipimo gani, na anyunyize saa ngapi. Picha ya jani lililotobolewa, ikitumwa kwa simu, inajibiwa kwa sauti ya sekunde 30. Mwenye duka anayejibu vizuri, na anayesema wazi pale ambapo dawa haihitajiki, anapata mteja wa misimu mingi. Anayejibu kila swali kwa jina la chupa iliyobaki rafuni anauza mara moja. Kule Kenya, Mkulima Young ilijengwa kwa msingi huo huo wa vijana wakulima kuulizana na kuuziana mtandaoni, na kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up, kilichoanza mwaka 2012, kikawafikia wakulima wa Tanzania pia kwa Kiswahili. Tigo Kilimo, ya mwaka huohuo, ilitoa bei za masoko na hali ya hewa kwa simu zisizo na intaneti.

Kwa wauzaji wengine wa eneo hili chombo kikuu ni WhatsApp. Picha za «status», zinazodumu saa 24, zimechukua nafasi ya meza ya mbele ya duka. Makundi yamechukua nafasi ya uwanja. Toleo la WhatsApp la biashara, lililotoka mwaka 2018, humwezesha hata mwenye kibanda kuweka orodha ya bidhaa, bei, mahali alipo na saa za kufungua bila kulipa chochote zaidi ya bando. Mazao ya ukanda huu yana sifa ya kuanzia: vitunguu saumu vya Mbulu vinaulizwa kwa jina sokoni, na mbaazi nyeupe za Babati zinajulikana na wanunuzi wa nje ya nchi. Jina la namna hiyo ni mtaji ambao wauzaji wa sehemu nyingine hutumia fedha nyingi kuutafuta.

Hata hivyo jina pekee halikuwaokoa wakulima wa mbaazi. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoruhusiwa kuingia nchini mwake. Bei ikaporomoka Manyara na mikoa mingine, na wakulima wakabaki na magunia. Wengi wao hawakuwahi kumjua mteja wao wa mwisho. Kati yao na yeye kulikuwa na mlolongo wa madalali, wachuuzi na kampuni za kusafirisha nje. Hakuna picha ya simu ambayo ingeifuta amri ya Delhi. Tukio hilo lilionyesha mpaka wa mitandao ya kijamii: inaweza kumleta mnunuzi wa Arusha, Dodoma au Nairobi, lakini soko la nje linahitaji ushirika, maghala na mikataba. Katika miaka ya karibuni Serikali imeziingiza mbaazi na dengu kwenye stakabadhi ghalani na minada ya kidijitali ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambako bei hutangazwa wazi mbele ya wauzaji na wanunuzi. Uwazi huo unafanana na desturi ya mnada wa kale.

Tatizo la pili ni utapeli. Karibu kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa «ile pesa tuma kwenye namba hii». Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Hatua hizo zimesaidia kumtambua mwenye namba. Hazijampa mnunuzi uwezo wa kumshika ng'ombe nundu. Picha inaweza kuwa ya mwaka jana, au ya shamba la mtu mwingine, au ya gunia la lumbesa ambalo uzito wake haujulikani. Dalali wa mnadani alijulikana kwa sura na ukoo. Dalali wa kwenye kundi la simu anaweza kubadilisha jina usiku mmoja.

Tatizo la tatu wameliumba wauzaji wenyewe. Nalo ni desturi ya kuficha bei na kumwambia mnunuzi aje «inbox». Muuzaji anadhani anajipa nafasi ya kupima mfuko wa mteja. Anachopata ni mteja anayeondoka kimyakimya, kwa kuwa aliyeko Dar es Salaam akitaka debe la vitunguu saumu ana makundi mengine kumi ya kutazama. Uwanjani Katesh bei ya mwanzo hutajwa kwa sauti na majirani wakasikia. Kubishana kunaanzia hapo. Mtandaoni wengi wameondoa kile kilichoufanya mnada uaminike, wakabakiza kelele zake.

Chumvi ya Gendabi nayo ina somo lake katika suala la ubora. Tangu miaka ya 1990 kanuni za Tanzania zinataka chumvi ya kuliwa na binadamu iwekwe madini joto, ili kuzuia tezi la shingo na madhara kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chumvi ya ziwani inayouzwa kwa ajili ya mifugo ni bidhaa halali na yenye wateja. Ile ya mezani inahitaji kuwekwa madini joto, kufungashwa na kupata alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Muuzaji anayeandika wazi chumvi yake ni ya nani, kati ya ng'ombe na binadamu, anamlinda mnunuzi asiyemwona. Zamani ulimi ulitosha kuonja. Madini joto hayaonjeki, kwa hiyo karatasi na alama ndizo zinazosema.

Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa. Mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ikiwa miongoni mwavyo, vilipigwa. Zaidi ya watu 80 walifariki, nyumba zikasombwa, maduka na eneo la soko la Katesh vikafukiwa. Nchi iliona maafa hayo kwanza kupitia video zilizopigwa na wakazi kwa simu zao, zikasambaa siku hiyohiyo kwenye makundi yaleyale ya biashara, makanisa na koo. Misaada ilifuata kutoka kila mkoa. Serikali ilijenga nyumba mpya kwa ajili ya waathirika eneo la Waret, na wafanyabiashara waliopoteza mali walianza tena, wengine wakiwa na simu na majina ya wateja tu.

Njia moja ya kuwafikia wateja haitoshi, na hilo limethibitika mara ya pili kwa namna nyingine. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Biashara zilizokuwa na sura moja tu, ya mtandaoni, zilisimama siku hizo zote. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari aliweza angalau kuwapigia na kuwaandikia ujumbe wa kawaida simu ziliporuhusu, na aliyekuwa na meza mnadani alikuwa bado na mahali pa kukutwa.

Kwa hiyo muuzaji wa Gendabi anayeingia mitandaoni hana sababu ya kuanza na masomo ya Massachusetts. Aanze na aliyoyajua babu yake ziwani na uwanjani. Bidhaa ionyeshwe ilivyo, ikiwa imepigwa picha siku hiyo. Bei iandikwe. Uzito utajwe kwa kilo iliyopimwa kwenye mizani, lumbesa iachwe. Mahali na jina la muuzaji vijulikane, na anayeuliza ajibiwe hata kama hanunui leo. Mnunuzi naye akatae kutuma fedha zote kabla hajapata uthibitisho, na aeleze hadharani alivyohudumiwa, kwa wema au kwa ubaya, maana ushahidi wake ndio unaochukua nafasi ya watu waliosimama pembeni mnadani.

Halmashauri ya Wilaya ya Hanang inaweza kulifanya hili kuwa jepesi kwa gharama ndogo. Inao maafisa mifugo, maafisa ugani na maafisa biashara, na watoza ushuru wake wako katika kila mnada wakiwa na vitabu vya stakabadhi. Baada ya kila mnada, itangaze kwenye simu za watu na kwenye mbao za matangazo za vijiji bei ambazo ng'ombe, mbuzi, mahindi, maharage na vitunguu vimeuzwa siku hiyo. Mfugaji wa Gendabi anayejua bei ya Katesh ya jana hatauza leo kwa hasara mlangoni kwake, na mnunuzi wa mbali atajua kwamba bei aliyotajiwa ni ya kweli. Kazi hiyo ianze na mnada ujao.